Bunduki ya Misumari ya Baba Mapacha

Mwalimu wa udereva, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Mapacha, alikuwa mkali sana kwa watu wasioweza kuamua. Mwanafunzi akisitasita kwenye makutano, mwalimu alipiga dashibodi na kufoka: "Amua! Barabara haimngoji mtu!" Wanafunzi walimwogopa, wakaamua, na wengi wao wakapata leseni. Laiti mkewe naye angekuwa na dashibodi ya kuipiga!

Mkewe alikuwa fundi cherehani, tena hodari. Cherehani yake ilibanwa chumbani kati ya kitanda na kabati. Wateja walipimwa kwenye korido, wakajaribu nguo jikoni, wakinyanyua pindo lisiguse masufuria. Mama mmoja mwenye heshima zake aliondoka na gauni la harusi ya mwanawe likinuka vitunguu. Aibu ile ndiyo iliyomfanya mume akate shauri: baraza ya mbele izibwe kwa mbao na plaiwudi, iwe chumba cha kushonea. Na tumpe haki yake, chumba kilijengwa, rangi akapaka mwenyewe, kikapendeza. Vilibaki vile vibao vyembamba vya urembo, vya kuzungushia chini ya kuta na kwenye fremu ya mlango ili kuficha nyufa.

"Si upige tu kwa nyundo?" mke akauliza.

"Nyundo?" Alishtuka kama aliyetukaniwa mama yake. "Nyundo inaacha makovu. Hii inataka bunduki ya misumari, ile ya betri. Unabonyeza, ta! Msumari umezama, hata kichwa hukioni."

"Haya, nunua ubonyeze. Wateja nimeshawaambia tunahamia mbele."

Kununua! Kana kwamba mtu huamka tu akanunua. Msumari mwembamba hauachi tundu kubwa, lakini haushiki sana. Mnene unashika, ila unaweza kupasua kibao. Betri ndogo ni nyepesi, kubwa inadumu. Na je, betri yenyewe itaingia kwenye drili aliyonayo? Drili hiyo haikuwahi kutoboa kitu tangu inunuliwe, lakini swali ni swali. Alitazama video asubuhi akipiga mswaki, akazitazama na mchana, mwanafunzi akiangusha koni moja baada ya nyingine.

Dukani alikwenda na kipande cha mbao mfukoni, kwa majaribio. Alibonyeza, akapapasa, akaguna, akaomba nyingine. Mwenye duka alianza kwa kumwita bosi, akashuka hadi kaka, mwishowe akawa akimwona tu anajificha stoo. Siku moja hakuwahi kujificha.

"Mwalimu, samahani, umekuja kununua au kuposa?"

"Haraka haraka haina baraka, ndugu yangu."

Chumba kikakaa kitupu, vibao vimeegemezwa ukutani, na amri ikatolewa kwamba hakiingii hata kigoda mpaka kazi iishe. Mama mkwe alipita kuwasalimu, akachungulia, akasema kwa upole, "Mwanangu, mchagua jembe si mkulima." Baba Mapacha akacheka kwa adabu, kisha akaenda kulinganisha betri upya.

Wateja nao walichoka na jikoni. Yule mama wa gauni la vitunguu akahamia kwa fundi mwingine, akawavuta na wenzake. Mke akamweleza mumewe. Aliogopa kweli, kwa kuwa kushona ndiyo kazi aliyoijua na kuipenda, naye aliiona inamponyoka.

"Vumilia kidogo, mke wangu," mume akamwambia, akimshika bega. "Nimebakiza mbili tu."

Alimaanisha bunduki.

Hatimaye alinunua. Alirudi Jumamosi amekumbatia boksi, akakuta nyumba kimya, akashukuru kwa utulivu. Akachaji betri, akavaa miwani, akaanza. Ta! Ta! Ta! Kusema kweli, kazi ilikuwa safi. Kona zilikutana barabara, na msumari hukuuona hata kwa kuutafuta. Alifurahi mpaka macho yakamlowa. Akakimbilia chumbani kubeba cherehani, amshtukize mkewe.

Kati ya kitanda na kabati palikuwa na sakafu tupu.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye saluni kona ya mtaa, alimkuta kasimama hapohapo. Alikuwa amefuata mfuko wa vitambaa uliobaki.

"Kwani hujui, shemeji? Dada nimempa nusu ya saluni yangu. Si alikwambia?"

"Aliniambia lini?"

"Juzi, nami nipo. Ulikuwa na video zako masikioni. Ukajibu, 'Sawa, sawa.'"

Jioni mke aliporudi, mume alimshika mkono, akampeleka mpaka chumba cha mbele, akawasha taa. Mke alitembeza kidole juu ya vibao, kona hadi kona, taratibu, kama anavyokagua mshono.

"Pazuri," akasema. "Umefanya kazi nzuri sana, baba watoto."

"Basi kesho nikaichukue cherehani?"

"Hapana." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma. "Wateja wangu wameanza kurudi, na wamepapenda kule. Hapa patafaa kuwekea vitu vyako." Akamuuliza kama amekula, akaenda jikoni kumpashia chakula.