Bei ya Bastola Iliyovuka Ikweta

Kwa muda mrefu niliamini, bila hata chembe ya shaka, kwamba chuma kikivuka ikweta kinakomaa. Ndiyo, kinakomaa, kama ndizi zilizofukiwa. Habari hiyo ilikuwa inazunguka kule Porte de Namur, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kutoka kwa kinyozi kwenda kwa muuza pondu, yale majani ya mihogo, na kutoka kwa muuza pondu moja kwa moja hadi kanisani: Wazungu wanaokusanya silaha za kale hulipa mara mbili kwa bunduki au bastola iliyowahi kufika Kongo, kwa sababu joto la ikweta huingia ndani ya chuma na halitoki tena. Kinyozi aliapa kwamba upanga wa afisa mmoja ulibadilishwa na nyumba ya ghorofa tatu yenye bustani. Mimi nilipoisimulia mbele, bustani ilishakuwa na bwawa na bata.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, tukiwa bado tunahesabu kwa franka za Ubelgiji. Vichochoro vya maduka vilinuka mafuta ya nywele na samaki wa chumvi, na mtu aliyepanda ngazi za metro pale bila kusalimiwa na watu ishirini alijua ameshuka kituo kisicho chake. Siku hizi napita hapo nasalimiwa na watatu, na mmoja wao ananifananisha na mtu mwingine.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni ya uhasibu. Mchana nilikuwa naosha sahani za mji mzima wa Brussels, jioni nasinzia juu ya kalkuleta, na diploma ilipopatikana niliitembeza kwa ndugu na marafiki kama mtoto mchanga. Watu wa kwetu Bukavu walionifahamu waliamua kwamba mwenye diploma hashindwi na kitu. Waliniletea barua za bima, redio zilizokufa, hata ndoto za kufasiriwa. Nilipokea vyote, na vyote nilivitolea jibu.

Ndivyo tonton, yaani mjomba, kama tulivyomwita, alivyonijia na bastola.

Hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa mtu wa mtaa wetu wa kule nyumbani, mrefu, msafi kupita kiasi, mwenye viatu vya kung'aa hata ungeweza kuinama na kujitazama humo ukinyoa ndevu. Alikuwa amemuuguza mzee mmoja wa Kibelgiji huko Auderghem, karibu na msitu, mzee aliyeishi Kivu, mkoa wetu, katika ujana wake na ambaye hata kitandani aliendelea kuomba chai kwa Kiswahili. Mzee alipofariki, watoto wake walimkabidhi tonton mfuko na kumwambia, "Papa alisema hii ni yako." Ndani mlikuwa na bastola ya zamani iliyotengenezwa Liège, yenye silinda ya matundu sita na mpini wa mti, chuma chake kimegeuka rangi ya kahawia kama ganda la njugu.

Mke wa tonton alikuwa Nairobi. Alikimbilia huko kwa sababu ya vita, na baada ya kusubiri sana, viza ya Ubelgiji ilikuwa imegongwa kwenye pasipoti yake. Viza hiyo ingekwisha pamoja na kiangazi. Kilichokosekana ni tiketi ya ndege, yapata trente mille, franka elfu thelathini. Kwa hiyo kwangu mimi na kwa tonton, kile kitu cha kahawia hakikuwa bastola. Kilikuwa kiti cha dirishani.

"Bon," alisema, akiiweka juu ya meza ya jikoni kwangu, mtaani Flagey. "Wewe ulisoma. Hii inaweza kuwa bei gani?"

Nilikuwa nimeona moja inayofanana nayo kwenye gazeti la matangazo, dix mille, elfu kumi. Lakini mhasibu haishii hapo.

"Ilivuka ikweta?"

"Ilienda Bukavu na mzee, ikarudi naye."

"Alors, tonton, kwenda ni mara mbili, kurudi ni mara mbili. Jumla mara nne. Quarante mille, elfu arobaini."

Alishika kidevu. "Kumbe masomo ya jioni ina faida."

"Maman atakuja kutoka Nairobi, na utabaki na pesa ya kumnunulia koti."

"Koti na buti," alisema, na akaifunga tena polepole ndani ya taulo.

Tukapatana kwenda kuiuza Jumamosi, Sablon, ambako wauzaji wa vitu vya kale wamejipanga kama meno.

Sasa, kwetu huendi sokoni na kitu kichafu. Kuku wa kuuzwa anaoshwa miguu. Baiskeli inapakwa mafuta hadi kwenye spoku. Hata debe la mihogo linafutwa mdomo kabla mteja hajafika, kwa sababu uchafu ni dharau, na mtu aliyedharauliwa hanunui. Hakuna aliyemfundisha tonton hivyo, alizaliwa nayo. Katikati ya wiki alinunua ndimu, akatafuta majivu, dawa ya meno na ule uzi wa chuma wa kusugulia sufuria. Jumamosi tulipokutana Porte de Namur, alifungua taulo kidogo tu, kama mtu anayekuonyesha mtoto aliyelala, na jua likanipiga machoni.

"Niliisugua mpaka ikaomba msamaha," alisema.

Ilikuwa inang'aa kama kijiko cha harusi. Nilipiga mluzi. Kichwani nikaongeza cinq mille, elfu tano, za usafi.

Tulitembea hadi Sablon kwa miguu, tonton amevaa suti, bastola ndani ya mfuko wa supamaketi. Duka tuliloingia lilikuwa la silaha za kale peke yake, na mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kwenye mnyororo, ambaye kazi yake ilikuwa kukadiria bei za vitu kama hivyo kwa ajili ya minada. Alihakikisha kwamba haina risasi. Akatuambia kwamba aina ile ya kale inauzwa bila kibali. Kisha akaisogeza chini ya taa na kuanza kupitisha kidole juu ya chuma, akitafuta muhuri wa Liège na namba ambazo zinatakiwa kulingana sehemu zote. Alipitisha tena.

Tonton aliuchukua ule ukimya kuwa heshima. Akatazama rafu na kuona pacha wa bastola yetu, wa kahawia, mwenye madoadoa.

"Angalia ile masikini," alininong'oneza kwa Kiswahili. "Haina muntu wa kuihurumia? Ndimu moja tu."

Nikamuuliza mama yule bei ya ile ya rafuni.

"Quarante-cinq mille." Elfu arobaini na tano.

"Ile chafu?"

"Ile."

Tonton alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Niliona midomo yake ikihesabu. Kama chafu ni quarante-cinq, safi itakuwaje? Nadhani pale alishampandisha mke wake daraja la kwanza, na mimi ningemwongezea rubani wa peke yake.

"Na yetu?" niliuliza.

"Neuf mille," alisema yule mama. Elfu tisa.

Kisha akaeleza, kwa upole, akiziweka zote mbili ubavu kwa ubavu. Mnunuzi wa vitu hivi, alisema, hanunui mng'ao. Ananunua rangi ambayo kiwanda kiliipaka na miaka ikaila kidogo kidogo, na kingo kali za muhuri na namba. Kwenye yetu muhuri ulikuwa umelainika kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Ingeletwa kabla ya kusuguliwa, angelipa karibu sawa na ile ya rafuni. Sasa hakuna fundi duniani ambaye angeweza kuirudisha.

Tonton alielewa kila neno. Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alitazama mikono yake.

"Donc," aliniambia polepole, "nilisugua tiketi ya maman."

Nilibaki kuhesabu madoadoa ya ile ya rafuni. Mimi, niliyefasiri ndoto za watu.

Yule mama aliuliza kama bastola ilikuja na kitu kingine. Tonton akaona haya. Kulikuwa na mfuko wake wa ngozi, ule wa kuvaliwa kiunoni, alisema, lakini umeota ukungu na unanuka. Ameubeba ili autupe njiani, hakutaka uonekane nyumbani kwa mtu. Akautoa ndani kabisa ya mfuko wa supamaketi kwa vidole viwili. Mama yule akavaa miwani, akaufungua, akanusa, akasoma alama iliyopigwa ndani ya kifuniko.

"Huu haukuusugua?"

"Ndimu ziliisha."

Hapo ndipo yule mama alicheka mara ya kwanza. Kwa ule mfuko wa ngozi alitoa onze mille, elfu kumi na moja, zaidi ya bastola yenyewe, na akatupatia kahawa.

Tukamwachia vyote viwili kwa elfu ishirini; haikutosha, lakini ilikaribia. Mamans wa kwaya, ambao kila mwezi walikusanya pesa na kumpa mmoja wao kwa zamu, ile likelemba yetu, walimsogeza tonton, naye akiwa mwanachama, achukue zamu ya mbele, na tiketi ikatimia. Viza ikiwa bado ina pumzi, mke wake alishuka Zaventem, na tulikwenda kumpokea kwaya nzima, tukiimba hadi polisi wakaja kuuliza ni nani aliyefika.

Jumapili iliyofuata mke wake alinikaribisha kwao, Auderghem, kula fufu, ule ugali wetu, na sombe, pondu ya kwetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, aliyeuza sufuria kwenye soko la Kadutu, kule Bukavu, tangu usichana wake. Tonton alimsimulia yote mwenyewe, hata ndimu, na mke akacheka akijifuta macho kwa kanga. Mimi bado nilikuwa na kinyongo.

"Ile ya kusugua nimekubali, maman. Lakini yule muzungu alituibia ikweta. Ilivuka kwenda, ikavuka kurudi, na hakuihesabu hata kidogo."

Aliendelea kumega fufu.

"Mutoto yangu, nimeuza sufuria miaka mingi. Zingine zilitoka huku Ulaya, zingine Uchina, zote zilivuka hiyo ikweta yako. Hakuna muntu aliniongezea hata likuta moja ju ya ile. Wanaangalia kama imetoboka, na kama mufuniko ni yake. Ikweta haiongezake bei."