Filimbi ya Ng'ombe wa Mbele

Mume wangu ni seremala wa vitanda. Filimbi ni zangu. Lakini kila mteja aliyeingia uani kwetu Kahama akanikuta nimeshika nondo ya moto, natoboa mninga, aliniuliza mimi huyo huyo: "Fundi yupo?" Iliniuma, sioni aibu kusema.

Siku moja akaja mzee mfugaji kutoka upande wa Isaka. Filimbi yake ya kuchungia ilikanyagwa na ng'ombe, ikapasuka vipande. Tangu hapo ng'ombe wake wa mbele, yule anayefuatwa na wenzake kwenda kunywa maji, hasikii la mtu, na kundi zima linaingia mashamba ya watu. Mume wangu akamwambia mwenye kazi hiyo ni mimi. Mzee akanitazama, akanywea.

"Haya, mayu. Tutaona."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ni neno la heshima, lakini si fundi.

Nikatengeneza filimbi ambayo hata mimi niliionea wivu. Nikaipiga msasa, nikaipaka samli, sauti ikatoka safi. Kesho yake mzee akarudi nayo. Ng'ombe alikuwa ameinua kichwa, akamtazama, akaendelea kula majani.

"Nzuri," alisema, "ila siyo anayoijua."

Nikamwomba anipigie mluzi jinsi ile ya zamani ilivyolia. Kila alipofika sauti ya tatu aliivuta juu kupita inavyotakiwa.

"Baba, mbona hapo unakosea?"

Akacheka. Ile filimbi aliichonga mwenyewe akiwa kijana, na tundu la tatu liliungua likawa kubwa mno. Ng'ombe wake wote, mama hadi mtamba, wamekua na kosa lile.

Kuharibu kazi yako kwa makusudi kunataka moyo. Nikapasha nondo, nikalipanua tundu la tatu kidogo kidogo, yeye akijaribu, mpaka akafumba macho, akasema, "Ndiyo hiyo." Masikio yaliyolinasa kosa lile ni yangu, si ya mchonga vitanda. Najisifu, na sijisifu bure.

Wiki iliyofuata mzee akaja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mume wangu akampokea mlangoni.

"Shikamoo baba, karibu."

"Marahaba," akajibu, akichungulia nyuma ya mume wangu. "Fundi yupo?"

Mume wangu akasogea pembeni, akampisha.