Ampli ya Papa wa Basoko

Juzi nilipeleka redio yangu kwa fundi mmoja hapa Kisangani. Mbele yangu alisimama mzee mmoja, papa mwenye baa kule Basoko, ameshika ampli yake ya kukuzia sauti ya muziki, inayonuka moshi.

Fundi akaifungua, akaguna. "Papa, hii ampli iko kidogo, na ile bafle yako ya Ulaya, spika kubwa vile, inakula nguvu mingi. Nani alikuambia ufungue sauti mpaka mwisho?"

Papa akatoa mfukoni kipande cha gazeti, akakinyoosha kwa kiganja. Ilikuwa safu yangu. Niliandika kwamba ampli yoyote hutosha bafle kubwa, mradi uifungue mpaka mwisho. Nilisikia hivyo penye bia, nikaandika kama mjuzi.

"Huyu mwandishi iko mujinga," fundi akasema.

"Non, mutu wa gazeti hawezi kukosea. Pengine ni mimi sikusoma muzuri." Papa akanigeukia. "Si vile, papa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Fundi aliponiuliza jina la kuandika kwenye redio yangu, nikataja la shemeji.

Papa wa Basoko, kama bado unanunua gazeti hili: ulisoma vizuri.