Siku Baba Alipopigiwa Makofi

Juzi, nikipita Masumbwe, niliona tangazo kwenye mlango wa zahanati: wanaotaka kuacha pombe hukutana hapo Jumamosi mchana. Nikakumbuka mchana mmoja wa Katoro, nilipokuwa mdogo.

Baba alikuwa mchimba dhahabu, na shati lake lilinuka vumbi la mwamba na pombe ya gongo. Siku hiyo, baba alipokuwa anatoka kwenda kutafuta msaada, mama alimwambia, "Baba Kabula, nenda na mtoto. Ukiwa naye hutapitia kilabuni."

Tulipofika sokoni baba aliwauliza bodaboda kwa sauti ya chini wanaoacha pombe hukutana wapi. Mmoja alicheka. Mwenzake akatuonyesha darasa nyuma ya kanisa.

Ndani kulinukia chaki na chai ya tangawizi. Baba alisimama. "Naitwa Masanja. Pombe imenishinda."

Wote wakapiga makofi. Shuleni kwetu aliyeshindwa alizomewa, kwa hiyo nilidhani wanamdhihaki. Nikalia, "Msimcheke baba yangu!"

Mama mmoja, muuza dagaa, akanipakata. "Hatumcheki, mwanangu. Tunampokea."

Baadaye baba alianguka tena, akarudi tena kwenye darasa lile, mpaka akaacha kabisa. Lakini jioni ile hakuna aliyeyajua hayo. Tulipofika nyumbani, mama alimsogelea, akauweka uso wake karibu kabisa na mdomo wa baba. Nilidhani anambusu, nikaona haya, nikageukia ukutani. Kumbe alikuwa anamnusa.

Nikamsikia akivuta pumzi ndefu, kisha akasema kwa upole, "Karibu chakula, Baba Kabula."