Cheo Juu ya Bahasha

Kila ninapofungua katoni ya bahasha za kaki dukani kwangu hapa Sumbawanga, duka nililolijenga kwa jasho langu niliporudi kutoka Zambia na stashahada yangu, harufu ya gundi hunirudisha jikoni kwetu.

Ndiyo kwanza sabuni na vitenge vilikuwa vimerudi madukani baada ya miaka ya uhaba. Baba alikuwa askari, kambi ya mbali. Darasani hakuna aliyenifikia kwa mwandiko, kwa hiyo barua za kwenda kwa baba mama alizisema na mimi niliziandika, hapo jikoni. Ndani ya barua ni “Baba mpendwa”. Juu ya bahasha ni namba, cheo, kisha jina.

“Andika Sajenti,” mama alisema siku moja.

“Mama, baba ni Koplo.”

“Wenzake wote wamepanda. Na yeye atakuwa amepanda. Andika!”

Nikaandika, kwa herufi kubwa.

Baba alipokuja likizo aliitoa bahasha ile mfukoni.

“Barua zetu huitwa kwenye gwaride. Kombania nzima ilicheka. Hadi makuruti wananiita, ‘Jambo, Afande Sajenti!’ Nani alikwambia uandike hivi?”

Mama alikuwa anachekecha unga wa ulezi. Nilimtazama. Hakuinua uso.

“Ni mimi mwenyewe, baba.”

“Basi usiniandikie tena.”

Mama aliendelea kuchekecha. Baba aliporudi kambini, mama alimwita binti wa jirani aandike barua, na mimi nikatumwa kuipeleka posta.