Akina mama wa buying walivyoirudisha final project yangu

Wakuu, salamu popote mlipo. Hii kitu nimekaa nayo tangu nimalize chuo, na leo acha niiteme. Sitaongeza chumvi, maana ilikuja na chumvi yake ya kutosha.

Mimi ni kijana wa upande wa Roret, kwenye mashamba ya chai. Nimesomea illustration, yaani kuchora picha za vitabu, katika chuo kimoja cha Nairobi ambacho sitakitaja kwa sababu cheti changu bado kibichi.

Nyumbani hakuna anayejua illustration ni nini. Mjomba wangu anaamini nilienda university kujifunza kuandika BUTCHERY ukutani, na kila Krismasi ananiuliza kama tumefika herufi ya mwisho.

Nilianza na ualimu, nikauacha, nikahamia kuchora. Kwa hiyo baba alikuwa amenichoka. Aliniambia mara moja tu, kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliniogopesha: usipomaliza mwaka huu, hakuna mwaka mwingine, unarudi nyumbani.

Basi tukafika final project. Kitabu cha picha, kurasa ishirini na nne. Nikachagua kumchora mama yangu akichuna majani chai.

Supervisor wangu, mama mmoja ambaye nitamwita Daktari, alifurahi mpaka akavua miwani. Proposal yangu ilikuwa na maneno kama "memory" na "landscape" na "the body". Hata mimi sikujua nilimaanisha nini, lakini alipiga mstari chini ya kila moja na kuandika "yes!"

Sasa niwaeleze creative process, maana tulifundishwa semester nzima.

Kwanza unatengeneza moodboard. Hapo unabandika picha za watu wengine ukutani mpaka upate wazo lako mwenyewe. Halafu unashika kikombe cha kahawa na kuangalia dirishani. Mtu akikuuliza, unasema uko kwa research.

Mimi, mtoto wa majani, niliyefua madoa ya chai kwenye shati la shule mpaka darasa la nane, nilifungua laptop nikaandika "tea picker".

Zikaja picha za akina mama wa mbali huko Asia, kikapu kinaning'inia mgongoni kwa utepe uliopita kichwani. Nikasema, eh, hii composition ni moto. Nikamchora mama yangu hivyo hivyo. Anachuna kwa mkono mmoja, jani moja moja, huku anatabasamu akiangalia mbali.

Daktari aliangalia akasema, "Naweza kunusa udongo." Wakuu, Daktari mwenyewe anakunywa chai ya mfuko yenye ladha ya limau.

Akaniambia picha bado zimekosa Afrika, niongeze jua likizama, jekundu. Nikaongeza. Akataka shanga shingoni. Nikaongeza. Angetaka twiga ningemweka katikati ya majani, nawaambia ukweli, maana nilitaka kumaliza.

Kulikuwa na sharti moja la idara. Lazima urudishe kazi kwa watu uliowachora, watoe maoni, uwarekodi kwa video. Bila hiyo video, panel ya wasahihishaji haikusikilizi.

Nikaona hiyo ni rahisi. Nikaenda nyumbani na kitabu changu kimefungwa vizuri, nikaelekea buying, pale kituo cha kununulia majani ambapo akina mama hungoja lori la factory.

Kwa wasiojua, buying ina meza ndefu na karani. Unamwaga majani yako, karani anachambua. Anataka majani mawili na chipukizi katikati. Yaliyokomaa anakurudishia mbele ya watu wote, na unayabeba mwenyewe mpaka nyumbani. Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo kwetu.

Nikaweka kitabu kwenye hiyo meza. Nikawasha video. Mama alikuwa pembeni na majani yake.

Mama Chebet, jirani yetu, ndiye alikuwa wa kwanza kuinama.

"Huyu ni mgonjwa?" akauliza. "Kikapu iko kwa kichwa ya nini?"

"Amefungwa bandeji," mwingine akajibu.

"Na hii jua inazama, yeye bado anachuna? Lori si ilienda saa nane?"

"Labda alifukuzwa kwake."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ndipo karani akasogea, uso mkavu kabisa, akashika kitabu kama anavyoshika majani. Akafungua ukurasa wa kwanza. "Hii rudi nayo." Wa pili. "Rudi nayo." Alikwenda hivyo mpaka mwisho. Ukurasa uliokubaliwa ni mmoja tu, wenye mbwa.

"Mbwa ni sawa," karani akasema. "Mbwa iko Grade One."

Mama hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali. Aliangalia ukurasa mmoja kwa muda, akafunga kitabu polepole, kama mtu aliyefungua Biblia ya mtu mwingine kwa bahati mbaya. Akaniambia, "Lori imefika. Shika hiyo upande ingine ya gunia."

Wakuu, niliumia. Kuchekwa nimezoea, nina mjomba. Lakini mama yangu amechuna majani tangu kabla sijazaliwa, na nilihitaji internet ya hostel kujua anasimama vipi. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Kesho yake asubuhi nikamwomba niende naye. Alinirushia aproni ya nailoni, akanipa kikapu cha kuvaa mgongoni kama begi.

Nilichojifunza asubuhi moja hakikuwa kwenye moodboard. Umande unakulowesha mpaka kiunoni. Mikono yote miwili inafanya kazi, na majani yanarushwa juu ya bega bila kuangalia nyuma. Kuna fimbo ndefu nyembamba inalazwa juu ya majani ili uchune kwa usawa, na ukiisahau shamba linakuwa na mabonde kama nywele ulizojinyoa mwenyewe. Hakuna anayetabasamu akiangalia mbali. Mbali kuna nini?

Na ukiwa kwenye mstari, sura za watu huzioni. Unaona migongo. Kwa hiyo nilichora migongo.

Nilifanya hivyo wiki mbili. Asubuhi nachuna, mchana nachora. Sketchbook niliyobeba shambani ilivimba kwa umande, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na alama za vidole zikabaki kwenye karatasi. Nikaziacha.

Kurudi Nairobi, Daktari akapitia kitabu kipya. Mwisho akauliza, "Where is the joy?"

Nikamwambia furaha iko kwenye lori, majani yakishakubaliwa.

Hakucheka. Aliniambia wazi: ukipeleka ile ya kwanza, nakuona na A. Ukipeleka hii ya migongo, sikuahidi hata kupita.

Nilikaa siku mbili bila kula vizuri. Nilimwona baba kwenye kila ukuta. Msinisifu, nilikuwa karibu kabisa kuchukua A yangu na jua langu jekundu. Kilichonizuia ni ile video. Walitaka video ya wenyewe wakitoa maoni, na maoni niliyokuwa nayo ni akina mama wamekaa chini wakicheka. Ningeambatanisha vipi na ile ya kwanza?

Nikapeleka ya migongo. Siku ya panel, video ikachezwa yote. Karani alipofika kwa mbwa, profesa mmoja mzee alicheka mpaka akatoka nje kukohoa. Daktari alikuwa anaandika.

Nilipita. C. Maoni: "technically honest, lacks warmth", yaani ni ya kweli lakini haina joto. Baba alipopigiwa simu aliuliza C ni ya kumaliza au ya kurudia. Nikasema ya kumaliza. Akasema basi.

Idara ikafanya maonyesho ya wanaomaliza. Na bango kubwa la mlangoni, urefu wa watu wawili, likawa picha gani? Ile ya jua jekundu. Walikuwa na file, hawakuniuliza. Wale waliosema kazi yangu ni ya C walitumia takataka yangu kukaribisha wageni.

Mama alikuja na nguo ya kanisani. Akapita bango bila kugeuka, akaenda kwenye meza ya kona kilipokuwa kitabu changu. Akafungua kurasa moja moja, anataja majina kwa kuangalia migongo tu. Alinirekebisha mahali pamoja: Mama Chebet huwa hafungi aproni kwa fundo la nyuma. Nikakubali kosa.

Halafu Daktari akaja, tabasamu lote, na shanga shingoni. Akamsalimia mama, akamuuliza anajisikiaje kujiona kwenye sanaa.

Mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyosalimia mgeni wa heshima. Akaushikilia. Akaupindua, akaangalia kiganja, hakina doa hata moja la utomvu. Kisha akaangalia bango pale mlangoni, akaangalia tena kiganja.

"Kumbe ni wewe, mwalimu," akasema, kwa adabu kabisa. "Huko nyumbani tulishindwa kujua huyu mama ni nani. Kijana amekuchora vizuri."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania, na sijathubutu kuuliza.

Funzo langu ni dogo: kazi kuhusu watu wako ipeleke kwanza mahali wanaporudisha majani, kabla ya kuipeleka wanapotoa A.

Mliosoma art, design, uandishi, hata architecture, niambieni ni nani alikurudishia kazi ukaona nyota mchana. Na wale wa "ungemaliza tu ualimu", andikeni pia. Mjomba wangu atafurahi kujua hayuko peke yake.