Nyongeza ya Mahamri

Vita vile vya mbali viliposimama, sisi matarishi na wafagizi wa ofisi ndogo ya serikali huku Kisauni tulingoja bei ya unga na mafuta ishuke. Haikushuka. Wallahi, nyumbani kwangu chupa ya mafuta tuliifungua, tukainusa, tukaifunga tena. Mshahara ulikuwa ule ule wa kabla ya vita, na kila tulipoomba nyongeza mkubwa wetu alitujibu, "Subirini. Hali ya dunia mnaiona."

Mimi ndiye niliyetumwa mahamri ya chai ya wakubwa. Walichanga wao, nikanunua kwa mama mmoja jirani na lango. Asubuhi moja nikarudi na sinia yenye uwazi wa kutosha kuchezea mpira.

"Mengine umeyala njiani?" mkubwa akauliza.

"Hasha, bwana mkubwa. Mama kapandisha bei. Asema unga, mafuta, vita hivyo."

"Basi ana haki, maskini. Atapikaje kwa hasara?" Akatia mkono mfukoni, wenzake nao, na mchango ukaongezwa pale pale, chai haijapoa.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, na mdomo wangu ulikuwa na urefu wa kutoka Kisauni hadi Mikindani. Nikasema, "Bwana mkubwa, na mimi nala unga huo huo. Mahamri yamepata nyongeza leo. Sisi je?"

Wakubwa wakaangalia vikombe. Mama mfagizi, aliyekuwa akipiga deki mlangoni, akakitupa kitambaa ndooni. "Mjibu, mwanangu," akamwambia mkubwa. "Na mimi nasikiza."

"Mama, mishahara haitoki mfukoni mwangu."

"Basi twende sote kisiwani kwa wanaoitoa. Chai utaikuta."

Mkubwa akacheka. Mama hakucheka. Wiki ile ile tukavuka daraja, mkubwa mbele, na kisa cha mahamri akakisimulia mwenyewe kwa wakubwa zake, ila ile sehemu ya kitambaa aliiruka. Nikaijazia mimi.

Tuliahidiwa. Tukarudi kuulizia ahadi, tukarudi tena, hata bawabu wa kule akatuzoea, akawa anatuuliza hali za watoto. Mwisho nyongeza ikatoka, nusu ya tuliyoomba.

Asubuhi ile mama mfagizi alinunua mahamri yeye, akatukalisha kwenye benchi ya wageni, wafagizi na matarishi wote.

"Kuleni upesi," akasema. "Kesho twaifuata nusu iliyobaki."